Pipi za Kicheche

Kicheche alikuwa na duka, na hakuwahi kumrudishia mtoto chenji. Alimpa pipi, na mtoto akashukuru, maana hakujua kuhesabu pesa.

Mama Kanga akawafundisha wanawe kutambua sarafu na kuzihesabu. Kisha akamtuma Kidoti, kifaranga wake mdogo, chumvi ya mia tatu. Kidoti akatoa mia tano. Kicheche akampa chumvi na pipi mbili.

“Inarudi mia mbili,” Kidoti alisema.

“Chenji sina. Pipi nazo ni pesa, moja mia. Haya, nenda!”

Kidoti alizichukua pipi zile, lakini hakuzila. Kesho yake alirudi duka likiwa limejaa wateja, akaziweka juu ya kaunta.

“Shikamoo, mjomba. Naomba kiberiti cha mia mbili.”

Kicheche akafoka, “Huna adabu! Tangu lini pipi ikanunua kiberiti?”

“Jana ulisema ni pesa. Kama ni pesa, nipe kiberiti. Kama si pesa, nipe pesa yetu.”

Wateja wote wakamgeukia Kicheche. Akavuta droo, kumbe imejaa sarafu pomoni. Kidoti akahesabu zake palepale, kwa sauti, na watoto wote dukani wakamfuatisha.