Mamba Hakwenda Hija

Punda wa Dahab aliamka na mabawa. Mabawa meupe ya ndege ya abiria, yamechorwa mbavuni huku na huku, pamoja na madirisha, na katika kila dirisha mtu anacheka.

Na siku yenyewe ilikuwa ya soko! Dahab akampanda hivyohivyo, afanyeje? Watoto wakamfuata mpaka mferejini wakimuuliza anaruka saa ngapi.

Bakhit, mumewe, alikuwa hachoki. Alikwisha kuchora friji, mitungi ya maji, kitanda cha mama mkwe, na kila alipomaliza alitia pembeni mamba mdogo anayetabasamu. Mamba huyo ndiye aliyekuwa furaha yake. Akishamtia, huimba mpaka jioni.

Dahab hakugomba. Alirudi kutoka sokoni, akammiminia chai, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Baba Shazli, kipaji chote hiki kinaishia kwa punda? Watu wakulipe, bwana."

"Nani atalipia mamba?"

"Hajjati Sabira na mumewe wametoka Makka juzi, na ukuta wao mtupu, hauna hata picha moja ya Hija kama wa mahujaji wengine, kana kwamba walikwenda Qena kununua mitungi. Si aibu hiyo?"

Bakhit akaenda mbio. Akachora Kaaba, ndege, Haji mwenyewe ndani ya ihramu, na mamba wake karibu na mlango.

"Ndege mbona ndogo?" akauliza Hajjati Sabira. "Sisi tulipanda kubwa."

Akaikuza.

"Sasa imeipita Kaaba, astaghfirullahi! Na huyu Haji wangu, kitambi umempa wewe?"

"Kitambi anacho, Hajjati."

"Anacho nyumbani. Cha ukutani sikilipii." Kisha akamwona mamba. "Na huyu naye alikwenda Hija? Futa. Anayelipa ni mimi."

Bakhit akafuta. Siku ile hakuimba.

Mwenye duka la unga akataka ukuta kama wa Hajjati, vilevile, na Bakhit asiongeze chake. Ndege ikabadilishwa rangi, ikabadilishwa tena, mwisho ikarudishwa ileile ya kwanza. Mwalimu wa shule yeye alisimama nyuma yake na rula.

Jioni Bakhit alirudi analalamika, bega linauma na roho inauma zaidi. Dahab akimkanda bega na kumwambia avumilie, riziki haiji kwa kulala.

"Na njiwa wako mbona wanapungua?" Bakhit aliuliza siku moja, akitazama banda lililo juu ya paa.

"Mwewe," akasema Dahab. "Mwewe wa mwaka huu ana njaa, sijapata kuona."

Hata siku moja Bakhit akakaa mbele ya ukuta wa mteja mwingine, brashi mkononi, akiitafuta ile hamu yake ya zamani. Hakuna kitu. Akamgawia fundi chokaa rangi zake zote, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Nimeacha, Dahab. Hata usingizini nasikia 'futa, futa'. Sichori tena, si kwa pesa wala bure."

Dahab akajipiga kifua. "Ati nini? Na kipaji chote kile!" Akamkaangia mayai kwa samli, akamwacha alale.

Kesho yake alimsugua punda mpaka akarudi kuwa punda. Friji akaipaka rangi nyeupe. Alipofika kwenye mlango wa tanuri, yule mamba akamtabasamia, na Dahab akasimama pale kitambo na brashi yake. Huyo akamwacha.

Alasiri Hajjati Sabira akachungulia juu ya ukuta wa uani. "Wangu wako wapi?"

Dahab akampitishia njiwa wawili wanono, miguu imefungwa. "Ndio wa mwisho hao. Mwenye unga na Mwalimu walishachukua wao."

"Ulinipa kazi ngumu, Mama Shazli. Kale kamamba kalikuwa kazuri."

Nyuma yake zumari likalia, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Hajjati akafumba macho.

"Haji huyo, kalinunua juzi. Tangu alfajiri, mwenzangu! Nifanye nini mimi?"

"Msifu," akasema Dahab. "Msifu sana. Halafu Alhamisi mpwa wangu anaoa. Mwambie aje apige, tutamlipa."