Mate ya Bi Mwantumu

Nesi Tausi aliweka kichupa kipya mezani. "Leo hujatafuna kitu, bibi?"

"Siku ya tatu hii, mwanangu. Hata jirani nimeshagombana naye kwa uchu wa tambuu."

Mara ya kwanza Bi Mwantumu alikuja na tambuu shavuni, kama kawaida yake. Alijaza kichupa mate mekundu, akakikabidhi kwa fahari. Tausi akamrudisha nyumbani. Yalitakiwa mate matupu, yapimwe kama baka jeupe lililoonekana ndani ya shavu lake lina dalili za saratani. "Likiwa nazo, tutaliwahi kabla halijawa kidonda," alimwambia.

Sasa bibi aliinamia kichupa. Hakikutoka kitu. Hofu ilikuwa imemkausha mdomo.

"Basi nieleze," alisema Tausi, "achari yako unaitengenezaje?"

"Achari yangu? Unachukua embe mbichi, unazikata nyembamba, unatia chumvi na pilipili ya kusaga. Halafu unakamua ndimu. Si moja, ndimu tatu..."

Mara mdomo ukamjaa, macho yamemtoka, akakidaka kichupa. Mate yalishuka, yakashuka, mpaka yakapita mstari wa kipimo.

Tausi alinyoosha mkono akipokee, lakini bibi alikuwa ameshakikimbiza dirishani. Kwa miaka thelathini ya kutafuna tambuu hakuwahi kuyaona mate yake bila wekundu.

"Mwanangu, njoo uone!" alipiga kelele. "Kumbe na yangu ni kama ya watu!"

Jua likapenya ndani ya kichupa, likamtua shavuni, upande uleule wa baka.