Hatua Arobaini Ndani ya Waya

Kila Jumamosi waliiachia simu iwachagulie namba za ramani, zozote zile, kisha kundi zima likatembea mpaka zilipoangukia, iwe shimoni, iwe kichakani. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kugeuka kabla mmoja wao hajagusa ardhi yenyewe kwa kiganja.

Siku hiyo namba ziliangukia hatua arobaini ndani ya waya wa shamba la mkonge.

"Turudi, dada," alisema Mashaka, mmoja wa kundi, akimvuta mkono msichana aliyeitwa Sikudhani. "Kuna mlinzi."

Sikudhani aliushika waya. Waya ule aliuona ukifungwa akiwa na miaka saba, siku tingatinga lilipopita juu ya jiko la mama yake, chungu kikiwa bado motoni. Wenzake walikuja kucheza. Yeye alikuwa amefika kwao.

Akapenya. Mlinzi akaja mbio na rungu.

"We dada, huku kuna wenyewe!"

"Wenyewe ndio sisi, kaka!"

Rungu la kwanza likamvunja bega. La pili likampata Mashaka, aliyeruka kumkinga, meno yakamwagika kama punje za mahindi. Wengine wakaokota mawe. Mlinzi akapasuliwa paji la uso, akapiga magoti, akapuliza filimbi. Kule kwenye majengo mbwa wakafunguliwa.

Sikudhani alitambaa, mkono mmoja ukiburutika, hadi simu mfukoni mwake ikalia kuashiria amefika. Akabandika kiganja chini.

"Haya," alisema akihema, "sasa rudini."

Mbwa walikuwa wanakaribia. Mashaka akatema damu, akaukumbatia mkonge uliokuwa karibu, miiba ikimzama kifuani, akaanza kuung'oa, ili jiko lipate tena mahali pake.