Chemchemi ya Mwaka 1958

Huko Olosero, mji wa wafugaji mlimani, kisichokuwa kwenye ramani ya serikali hakikuhesabiwa. Chemchemi ya juu mlimani ilikuwa imefutwa humo, na kola za kielektroniki za shingoni, zilizofuata ramani hiyo, ziliwazuia ng'ombe kuifikia. Walikuwa wakifa kwa kiu.

Nolari, mjane mfugaji, alipata ramani ya karatasi ya mwaka 1958 kwenye sanduku la babu yake, akampelekea msajili wa ramani. Chemchemi ilikuwemo, kwa wino wa buluu.

"Sheria inaikubali," msajili alisema. "Lakini nikiiingiza hii badala ya ile ya sasa, nyumba yako haimo, mama. Mlango nao hufuata ramani; hautakutambua tena."

"Iingize."

Kola zikalegea. Ng'ombe mia tatu wakapanda mlima mbio, vigelegele vikirindima. Nolari alipiga magoti katikati yao, akanywa, akacheka.

Hakuwa na haraka ya kushuka.