Kiti cha Mbele

Mgeni alibisha hodi Jumamosi asubuhi, wakati Atupele anapaka mnyororo wa pikipiki oili. Alikuwa mkunga, na tope lilimfika magotini.

“Dada, barabara imekatika. Ng’ambo ya mlima kuna mama ana uchungu tangu jana. Nimeambiwa una pikipiki ya porini.”

Ilikuwa ya marehemu baba yake. Siku hizo pikipiki zilijifunza mkono wa mwendeshaji. Tangu mazishi, hiyo ilimbeba Atupele kiti cha nyuma na kujiendesha kama mzee alivyoiendesha: ililala mapema kwenye kona, na penye ua wa shangazi ilipunguza mwendo ili wasalimiane. Kila Jumamosi alisafisha chujio la hewa, akapanda nyuma ya kiti kitupu, akawa mtoto tena. Lakini mkono mpya ukishika usukani, wa zamani hufutika.

“Njia ya huko haiijui,” Atupele alisema polepole. “Itabidi uiendeshe mwenyewe.”

“Naweza. Mwaka huu nimeanguka mara mbili tu.”

Atupele alikaribia kukataa. Kisha akamkumbuka baba kitandani: “Atu, mwenye shida usimnyime pikipiki.” Naye alikuwa ameitikia, “Sawa, baba.”

Akakaza mnyororo, akamvalisha mkunga helmeti ya mzee.

“Kwenye utelezi, breki ya mbele usiiguse.”

Pikipiki ikaondoka. Kule chini shangazi alikuwa ameshatoka uani, mkono juu, kama kila Jumamosi. Ikampita bila kupunguza mwendo.