Zizi la Papa Bashige

Papa Bashige aliinua mtaimbo, akaushusha kwa nguvu zake zote, na kipande cha lava kikaruka hadi kwenye bati la jirani. Hakugeuka kutazama. Aliinua tena.

Jirani mwenyewe, Mama Micheline, alikuwa ng'ambo ya ukuta mfupi wa mawe, akichambua maharagwe kwa hasira. Alikuwa amehamia mtaa huu wa Katoyi, mjini Goma, majuzi tu, kutoka Butembo, na tangu ahamie masikio yake hayakupumzika na mlio wa chuma. Lakini kelele angezivumilia. Kilichomkera ni kazi yenyewe.

Mtu mwenye akili timamu hachimbi mashimo ya nguzo Goma. Ukikwangua udongo kidogo tu unakutana na lava iliyoganda, nyeusi, ngumu, haina huruma na mtu. Watu hupanga mawe yawe uzio, basi. Bashige alikataa. Alitaka nguzo za mikaratusi, zisimame wima ndani ya mwamba, kama mazizi ya kwao upande wa Bukavu. Jiwe likikataa mtaimbo, aliwasha makaa juu yake, kisha akalimwagia maji, maji ambayo wenzake wanayahangaikia kwa madumu, mpaka lipasuke. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, naye aliendelea kupiga.

Na yote hayo kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa mahari. Alimwambia Micheline mwenyewe, bila kuona aibu.

"Ng'ombe ya mahari haifungiwe njiani sawa ya kuiba," alisema. "Wakwe wakikuya, waikute mu zizi. Kwetu ni vile."

Ndani ya nyumba alikuwamo binti yake, Joviale. Mama yake alishafariki, kwa hiyo hakuwa na wa kumtetea. Alitoka uani mara chache, uso umevimba kwa kulia, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Siku moja Micheline alimwita ukutani.

"Mukono yako imefanya nini?"

Joviale alitazama chini. "Nilianguka, mama."

Micheline aliuangalia mtaimbo mikononi mwa yule baba, akaliacha hilo. "Ule bwana, unapenda kwenda kwake?"

"Hapana."

"Na papa anajua?"

"Anajua."

"Na anachimba tu."

"Anachimba."

Damu ilimchemka Micheline. Mdogo wake mwenyewe alipelekwa kwa mume hivyo hivyo, analia, huku wakubwa wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kucheka. Hakutaka kuliona jambo lile mara ya pili. Aliyaacha maharagwe kwenye ungo, akazunguka hadi langoni, akasimama mbele ya Bashige.

"Papa, mutoto ni mutu. Si mbuzi."

"Najua."

"Ulimuuliza anataka nini?"

"Nilimuuliza."

"Na akasema nini?"

Bashige alilipiga jiwe kama mtu aliyetukanwa nalo. "Mama Micheline, siku ya samedi ng'ombe itakuwa humu. Bila ng'ombe, wale watu hawasikie kitu. Sasa uniache, niko na kazi."

Micheline alirudi kwenye ungo wake wa maharagwe. Baba gani huyu? Hata pikipiki yake, aliyokuwa akibebea abiria, haikuonekana tena uani. Bila shaka alishajiona tajiri, kazi ya nini tena.

Jumamosi asubuhi mchungaji alimleta ng'ombe kwa miguu kutoka upande wa Sake. Zizi lilikuwa tayari, na nguzo zake ungezisukuma kwa bega zisitikisike. Bashige alimpokea ng'ombe langoni, akamkagua meno, pembe na kiwele. Akamzunguka, akamkagua upya, kana kwamba anatafuta kasoro. Kisha akamwingiza zizini, akaenda kuvaa koti. Micheline alitema mate chini.

Wakwe walifika mchana, wazee watatu na bwana mwenyewe, kijana wa shati jeupe aliyeingia akitabasamu kama aliyefika kwake. Joviale alikuwa amesimama mlangoni. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja, akaushika ule mkono uliofungwa.

Hapo Micheline alishindwa kujizuia. Alikaza kitenge kiunoni, akavuka lango, akajisimamisha kati ya msichana na wageni.

"Huyu mutoto haende naye," alisema. "Mutapita juu yangu kwanza."

Kijana aliacha kutabasamu, akamgeukia Bashige, akingoja amwondoe mwanamke huyu. Bashige naye alikuwa anamtazama Micheline, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane uso wake haukuwa na hasira.

Alimpita, akafungua zizi, akamtoa ng'ombe, akaiweka kamba mkononi mwa yule kijana.

"Umemusikia mama," alimwambia. "Mahari yenu njo hii, niliuza pikipiki juu ya kuirudisha. Kuanzia leo mutoto yangu si muke yako tena."