Herufi Moja Ukutani

Makena alikuwa ameshajishika kichwa kabla mtu yeyote hajasoma ukuta.

"Aibu gani hii, Macharia? Wewe ni mchoraji au adui?"

Macharia alitazama viatu vyake, brashi mkononi. Juu yake, kwa rangi nyekundu, ukuta ulisema: BELLWEATHER ACADEMY.

Na shule yenyewe ya Makena, jamani, ilikuwa na madarasa sita na watoto wanne, wawili wakiwa wake mwenyewe. Muhula ungefunguliwa hivyo, angefunga geti arudi kuuza mitumba.

Mwalimu mstaafu Kitheka akasimamisha pikipiki.

"Hiyo A imezidi! Bell ni kengele. Wether ni kondoo dume aliyehasiwa. Wachungaji wa Uingereza ya zamani walimvisha kengele atangulie, kundi lifuate."

"Wacha, mwalimu," akasema Bedan wa duka la dawa. "Weather ni hali ya hewa. Kengele ya kuonya mvua."

"Hiyo ulisomea wapi, mpakani Namanga ukivusha vitunguu?"

Nalotuesha, aliyekuwa akipitisha maziwa, akacheka mpaka mtungi ukatikisika.

"Kumbe hata Wazungu wana kondoo huyo wa kengele! Wetu tunamwita Mheshimiwa. Akitumbukia mtaroni, wote wanatumbukia. Hakuna anayeuliza kwa nini."

Kufikia saa nne Kitengela nzima ilikuwa pale. Wa A huku, wasio na A kule. Picha zilishafika Loitokitok. Makena, maskini, akafuta macho, akatoa viti. Chai, kwa bahati, ilikuwa imeshachemka sufuria mbili. Akawafungulia geti wabishane kivulini.

"Ati madawati mapya?" Gathoni, mmoja wa waliokuja kubishana, akachungulia dirishani.

"Na choo ni kisafi, mama," akajibu Makena kwa sauti ya msiba.

Gathoni akaandikisha wajukuu wawili. Aliyekuwa nyuma yake akaandikisha mmoja. Aliyemfuata hakujua foleni ni ya nini, lakini alipofika mbele akaandikisha watatu, na foleni ikazidi kurefuka.

Alasiri Macharia akapanda ngazi, akaifuta ile A na kusogeza herufi. Walioshinda wakapiga makofi, walioshindwa wakanung'unika, wote wakaenda zao.

Jioni Macharia alimkuta Makena amekaa peke yake katikati ya viti vitupu.

"Madam, nimerekebisha. Kumetulia sasa."

"Kumetulia sana." Makena akammiminia chai, akaongeza sukari. "Na bado madarasa mawili hayajajaa. Kesho ukosee Academy."